Namba 2,147,483,647: ni ya kompyuta au ya hisabati?

Katika orodha za wateja, wanafunzi au wanachama zilizohamishwa kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta, hutokea kwamba safu nzima ya simu inajaa namba moja tu: 2147483647. Majina ni tofauti, makazi ni tofauti, lakini kila mtu anaonekana kuwa na simu ile ile. Wapo wanaosema ni kazi ya wadukuzi, na wapo wanaoilaumu kampuni ya simu. Namba hiyo hiyo hutajwa tena kila uvumi wa kompyuta zote kuzimika mwaka 2038 unaposambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na ukifungua vitabu vya historia ya hisabati utaikuta huko pia, ikiheshimiwa kwa zaidi ya miaka 250.

Kutokana na kujitokeza huku kwingi, maelezo mengi yanayotolewa kuihusu yamechanganya mambo. Lililoenea zaidi linadai kwamba namba hii ni tasa, na kwamba ndiyo maana kompyuta haziwezi kuivuka. Maneno hayo yana kweli mbili zilizounganishwa isivyo sahihi. Ni kweli kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa, na ni kweli kwamba programu nyingi huishia hapo, lakini la kwanza silo lililozaa la pili. Utasa wake ni sifa ya namba yenyewe, nao ulikuwapo kabla ya mtu yeyote kutengeneza kompyuta na utaendelea kuwapo hata zikitoweka zote. Kuwa kikomo ni jambo lililotokana na uamuzi wa mafundi kuhusu ukubwa wa nafasi ya kuandikia namba, na uamuzi huo ungeweza kuwa mwingine. Anayezitenganisha sifa hizi mbili hatapata shida kuelewa yanayofuata.

Maneno ya kuanzia

Kigawo cha namba fulani ni namba nzima inayoigawa bila kuacha baki. Vigawo vya 12, kwa mfano, ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo vigawo vyake ni viwili tu, yaani 1 na yenyewe, kama zilivyo 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kipeo ni ile namba ndogo inayoandikwa juu kueleza namba nyingine imezidishwa yenyewe kwa yenyewe mara ngapi, hivyo 2⁵ maana yake ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, ambayo ni 32. Ukiendelea kuzidisha kwa 2 namna hiyo hadi zitimie mbili 31, utapata 2,147,483,648. Ukitoa 1 unabaki na namba yetu, ambayo kwa ufupi huandikwa 2³¹ − 1.

Neno la mwisho ni biti. Kompyuta huandika namba kwa alama mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi inayobeba mojawapo ya alama hizo huitwa biti. Katika uandishi wetu wa kawaida nafasi za tarakimu zina thamani ya moja, kumi, mia, elfu na kuendelea. Katika uandishi wa kompyuta zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Kwa hiyo 1011 katika kompyuta ni 8 + 0 + 2 + 1, yaani 11.

Kikomo kinatoka wapi

Kwa miongo mingi, nafasi ya kawaida ya kuhifadhia namba nzima katika programu imekuwa ya biti 32. Kwa kuwa namba zinaweza kuwa chanya au hasi, biti moja kati ya hizo hutumika kuonyesha upande, na zinabaki 31 za kubeba ukubwa. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 31 ni ile ambayo kila biti ni 1, na jumla ya thamani zote kuanzia 1, 2, 4 hadi 1,073,741,824 ni 2,147,483,647. Haiwi 2,147,483,648 kwa sababu mipangilio ya biti 31 iko 2,147,483,648 kwa hesabu, na mmoja kati ya hiyo umeshachukuliwa na sifuri.

Mita ya kilomita kwenye dashibodi ya gari inalieleza jambo hili vizuri. Mita yenye nafasi sita huishia 999,999, na hakuna dereva anayeamini kwamba barabara imekwisha hapo au kwamba 999,999 ina jambo la pekee. Ni nafasi tu zilizokwisha. Tofauti iliyopo ni kwamba mita ya gari ikipita hapo hurudi kwenye sifuri, ilhali kompyuta hurudi mbali zaidi. Thamani inayopewa biti ya 32 ni hasi 2,147,483,648. Ukiongeza 1 kwenye namba ambayo biti zake zote 31 ni 1, zote zinageuka 0 na ile 1 inayobebwa inaangukia kwenye biti ya 32, hivyo programu inayosoma hapo inaona hasi 2,147,483,648. Kutoka namba kubwa kuliko zote, hatua moja tu mbele inaifikisha programu kwenye ndogo kuliko zote. Ndiyo sababu hesabu ya kitu kilichokuwa kikiongezeka vizuri inaweza kuonekana ghafla ikiwa na alama ya kutoa mbele yake.

Si kila programu hufanya hivyo. Nyingine hukataa namba iliyozidi na kutoa taarifa ya kosa, na huo ndio utaratibu salama zaidi. Nyingine huikata namba na kuandika kikomo chenyewe bila kumwambia mtu, na hapo ndipo ilipo asili ya zile orodha za simu. Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa kimataifa huanza na 255 ikifuatwa na tarakimu tisa, na ukiisoma kama kiasi ni zaidi ya bilioni 255. Ya Kenya ni zaidi ya bilioni 254, ya Uganda 256, ya Rwanda 250, ya Kongo 243. Ya Burundi, ambayo 257 hufuatwa na tarakimu nane tu, ni zaidi ya bilioni 25. Zote zimekivuka mbali mno kikomo cha bilioni 2.147. Hifadhidata ya MySQL, ambayo tovuti na mifumo mingi ya ofisini huitegemea, ilikuwa kwa muda mrefu ikiikata namba iliyozidi na kuandika 2147483647 pasipo kukataa, na bado hufanya hivyo pale ambapo utaratibu wake wa ukali, ule unaokataa namba iliyozidi, umezimwa. Kwa hiyo hakuna aliyeiba kitu wala aliyebadilisha simu za watu. Aliyeitengeneza safu hiyo aliitangaza kuwa ya namba nzima badala ya maandishi. Jambo la kusikitisha ni kwamba simu za awali haziwezi kurejeshwa kutoka kwenye safu hiyo, kwa kuwa kilichoandikwa ni kikomo peke yake, na tarakimu halisi hazikuhifadhiwa popote ndani yake.

Kosa hilo lina pacha wake ambaye hujificha zaidi. Simu ikiandikwa bila msimbo wa nchi, kama wengi wetu tunavyoandika, inaingia ndani ya kikomo bila tatizo, lakini ile sifuri ya mwanzo inapotea, kwa sababu katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani. Tiba ya makosa yote mawili ni moja. Simu haijumlishwi wala haizidishwi na chochote, na hivyo haistahili kuhifadhiwa kama kiasi. Ihifadhiwe kama maandishi, pamoja na sifuri yake au alama ya kujumlisha iliyo mbele yake.

Fedha zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo, na kwetu zaidi kuliko kwingineko. Programu inayohesabu shilingi katika nafasi ya biti 32 inakwama kwenye shilingi bilioni 2.147, kiasi ambacho jumla ya mauzo ya duka kubwa la jumla inaweza kukifikia. Ikiwa mtunga programu ameamua kuhesabu kwa senti ili kuepuka desimali, kikomo kinashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47, na hiyo haitoshi hata bei ya kiwanja mjini. Mtu anayetunga programu akifikiria dola anaweza asilione tatizo hili kwa miaka.

Mwaka 2014 habari zilienea duniani kwamba video ya msanii PSY wa Korea Kusini ilikuwa imeivunja mashine ya kuhesabu watazamaji ya YouTube. Ukweli ni wa utulivu zaidi. Wahandisi walikuwa wameona mapema kwamba watazamaji wangezidi 2,147,483,647, wakabadilisha nafasi ya kuhesabia kuwa ya biti 64 kabla ya siku yenyewe, na kikomo kikawa 9,223,372,036,854,775,807. Hakuna kilichovunjika.

Mwaka 2038

Mifumo mingi ya kompyuta hupima wakati kwa kuhesabu sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Pale hesabu hiyo inapowekwa katika biti 32, sekunde ya mwisho inayoweza kuandikwa ni ya 2,147,483,647. Gawanya namba hiyo kwa 86,400, ambazo ni sekunde za siku moja: unapata siku 24,855 na baki ya sekunde 11,647, yaani saa tatu, dakika 14 na sekunde 7. Hesabu hiyo inatufikisha Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo itakuwa saa 11 na dakika 14 alfajiri. Oman itakuwa saa 1 na dakika 14 asubuhi. Sekunde moja baadaye, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma hasi 2,147,483,648, na utaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901.

Uvumi unaosema kwamba kila kompyuta itazimika siku hiyo haufai kuaminiwa. Kompyuta na simu nyingi za leo tayari huhesabu sekunde kwa biti 64, na nafasi hiyo inatosha kwa miaka takriban bilioni 292. Kiini cha Linux, ambacho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android na seva nyingi, kiliwezeshwa kuvuka 2038 hata kwenye vifaa vya biti 32 kuanzia toleo la 5.6 la mwaka 2020. Lakini anayesema hakuna tatizo lolote naye anakosea. Vifaa vidogo vinavyofungwa mahali na kusahauliwa kwa miaka ishirini, faili za zamani, na safu za hifadhidata zilizotengenezwa kwa biti 32 havijirekebishi vyenyewe. Tena tatizo halisubiri 2038 ifike, kwa sababu programu huhesabu pia tarehe zijazo. Mei 2006 seva zilizotumia AOLserver, programu ya kuendeshea tovuti, zilianza kukwama kwa kuwa mahali fulani ziliwekewa muda wa kusubiri wa sekunde bilioni moja, na sekunde bilioni moja kutoka siku hiyo zilivuka Januari 2038. Mfumo wa mkopo wa nyumba wa miaka ishirini unaweza kuangukia katika shimo hilo hilo leo.

Je, ilichaguliwa kwa kuwa ni tasa?

Sasa tunaweza kulijibu dai la mwanzo. Kama mafundi wangekuwa wanatafuta namba tasa za kuwekea vikomo, vikomo vingine navyo vingekuwa tasa. Kompyuta za biti 16 ziliishia 32,767, ambayo ni 2¹⁵ − 1, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Kikomo cha biti 64, ile namba ya tarakimu 19 iliyowekwa YouTube, ni 2⁶³ − 1, na inagawanyika kwa 7 bila baki. Hata nafasi ya biti 32 inapotumiwa kwa namba zisizo hasi peke yake, kikomo chake ni 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kati ya vikomo hivi vinne, utasa umeiangukia 2³¹ − 1 kwa sababu tu mafundi walipanga biti kwa makundi ya nane, wakatumia makundi manne, wakatoa moja kwa ajili ya alama, na ikabaki 31.

Namba 31 yenyewe ni tasa, na hilo lina uzito. Kipeo kikiwa na vigawo, namba inayotokana nacho inavyo pia: 15 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo 2¹⁵ − 1 inagawanyika kwa 2³ − 1, ambayo ni 7, na 63 inagawanyika kwa 3 vilevile. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi, na wengi huteleza hapa. Namba 11 ni tasa, na 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Kipeo tasa kinafungua mlango tu, na kazi ya kuthibitisha inabaki pale pale.

Kazi hiyo iliwashinda watu wakubwa. Pietro Cataldi wa Bologna alidai mwaka 1603 kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Mwanahisabati wa Ufaransa Pierre de Fermat alionyesha mwaka 1640 kwamba amekosea kwa 23 na 37, kwa kuwa 47 inaigawa ya kwanza na 223 inaigawa ya pili. Mswisi Leonhard Euler akamaliza 29 mwaka 1738 kwa kigawo 233. Iliyosimama ni 31 peke yake. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne, ambaye namba tasa za aina hii huitwa kwa jina lake, alitoa orodha yake mwaka 1644, naye akaingiza 67 na 257 ambazo si sahihi na kuacha 61, 89 na 107 ambazo ni sahihi. Kipeo 31 kimo katika orodha yake, bila uthibitisho.

Uthibitisho ulitolewa na Leonhard Euler katika barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake wa ukoo wa Bernoulli mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg na macho yake yakiwa karibu hayaoni tena. Inafaa kuutazama kwa karibu, kwa sababu mtu mwenye subira na kalamu anaweza kuurudia.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa kuwa vigawo viwili vyote vikizidi kipeuo hicho, zao lao litaizidi namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushee. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800, na kugawa mara zote hizo kwa mkono ni kazi ya kuchosha na yenye nafasi nyingi za kukosea. Euler aliipunguza kwa kuuliza kigawo cha namba hii, kama kingekuwapo, kingelazimika kuwa na sura gani. Ilikuwa imeshajulikana kwamba kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1 lazima kizidi kwa 1 kigawe cha 62, yaani 62 iliyozidishwa kwa namba nzima, na 62 ni 31 mara mbili. Unaweza kulihakiki jambo hilo kwa ile 2,047: 11 mara mbili ni 22, na vigawo vyake 23 na 89 ni 22 + 1 na 88 + 1. Sharti la pili linatokana na sifa za namba mraba: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8, baki iwe 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti yote mawili, kigawo kinachotafutwa kikigawanywa kwa 248 lazima kiache baki ya 1 au 63.

Idadi ya namba za sura hiyo zisizozidi 46,340, ukiacha 1 na 63 zenyewe, ni 372. Nyingi kati yake si tasa na zinatupwa bila kujaribiwa: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13, 745 kwa 5. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Ukigawa, 311 inaingia mara 6,905,092 na kuacha baki ya 35. Inayofuata ni 1,303, nayo inaingia mara 1,648,107 na kuacha 226. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, hakuna hata moja inayoingia bila baki. Kwa hiyo namba ni tasa, na hakuna haja ya kumwamini mtu kwa jina lake. Kwangu mimi huu ndio uzuri wa jambo lote: kazi ambayo ingehitaji maelfu ya hatua ililetwa chini hadi mamia kwa kufikiri, kabla ya hesabu yoyote kuandikwa.

Leo kuna njia fupi zaidi, iliyoanzishwa na Édouard Lucas katika karne ya 19 na kukamilishwa na Derrick Lehmer mwaka 1930. Unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unabakiza baki baada ya kugawa kwa namba unayoipima, kisha unarudia. Hatua zinazohitajika ni kipeo ukitoa 2, na namba ni tasa pale tu baki ya mwisho inapokuwa sifuri. Kwa 2⁵ − 1, yaani 31, hatua ni tatu: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabakiza 8, na 8 inatoa 62, ambayo inagawanyika kwa 31 kabisa. Kwa namba yetu hatua ni 29, na kompyuta ya kawaida inazimaliza kabla hujapepesa jicho. Kwa kipimo cha familia hiyo hiyo ndipo huthibitishwa zile namba tasa zinazotangazwa kwenye habari, kama 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ya Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Vyombo vya habari viliiita namba tasa kubwa kuliko zote. Ni kubwa kuliko zote zinazojulikana; kubwa kuliko zote haipo, kwa kuwa Mgiriki wa kale Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho.

Namba kamilifu na utabiri uliokosea

Euclid huyo huyo aliacha jambo jingine linaloigusa namba yetu. Namba kamilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake, ukiiacha yenyewe. Sita ni kamilifu kwa sababu 1 + 2 + 3 ni 6, na 28 ni kamilifu kwa sababu 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Alionyesha kwamba kila unapopata namba tasa ya aina ya Mersenne, ukiizidisha kwa nusu ya namba inayoifuata, unapata namba kamilifu: 3 × 2 ni 6, 7 × 4 ni 28, 31 × 16 ni 496. Namba 2,147,483,647 ni ya nane katika familia hiyo, na ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane.

Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo ingebaki kuwa namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa hoja kwamba namba hizi ni za kustaajabisha tu bila kuwa na manufaa, na hivyo hakuna ambaye angejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea katika utafutaji, maana mwaka 1876 Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, na mwaka 1883 Ivan Pervushin wa Urusi akathibitisha 2⁶¹ − 1. Alikosea pia katika manufaa.

Kompyuta huhitaji namba zinazoonekana kuja bila mpangilio, kwa michezo, kwa majaribio ya kitakwimu, kwa kuiga mwendo wa foleni au wa hali ya hewa. Njia moja iliyotumika sana, iliyoanza kwenye kompyuta za IBM mwaka 1969 na kupendekezwa kwa wote na Stephen Park na Keith Miller mwaka 1988, ni kuchukua namba, kuizidisha kwa 16,807 na kubakiza baki baada ya kugawa kwa 2,147,483,647. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658, na kuendelea. Hapa ndipo sifa zetu mbili zinapokutana kwa faida. Kwa kuwa namba ni kikomo cha nafasi, kila jibu linaenea ndani ya biti 31. Kwa kuwa ni tasa, na kwa kuwa 16,807, ambayo ni 7⁵, ilichaguliwa kwa uangalifu, mfuatano huo unapita katika kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, mara moja moja, bila kuruka hata moja, ndipo urudi ulikoanzia. Kama namba ya kugawia ingekuwa na vigawo vingine, mfuatano wa namna hii usingeweza kuzigusa zote. Hata hivyo njia hii haifai kamwe kwa bahati nasibu wala kwa nywila, kwa sababu anayeiona namba moja anaweza kukokotoa inayofuata.

Linabaki swali moja ambalo watu huuliza wakishaona kwamba 5 ni tasa, 2⁵ − 1 ni 31 ambayo ni tasa, na 2³¹ − 1 ni namba yetu, nayo ni tasa. Je, tukiifanya namba yetu yenyewe kuwa kipeo, mnyororo utaendelea? Namba inayotokea ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na hakuna anayeweza kuijaribu kwa kipimo cha Lucas na Lehmer kwa wepesi. Lakini lile sharti la zamani la umbo la vigawo bado linafanya kazi: kigawo tasa chochote chake lazima kizidi kwa 1 kigawe cha 2,147,483,647 mara mbili. Mwaka 1983 Guy Haworth alikipata kimoja, 295,257,526,626,031. Kitoe 1, kisha gawa kwa 2,147,483,647, na utapata 137,490 kamili, namba shufwa kama sharti linavyotaka. Mnyororo ulioanza na 5 unakatikia hapo.